Salamu Iliyokatikia Korongoni

Jumatatu, 4 Julai 2005

Baba amenipigia! Baba, ambaye tangu nimwache mume wangu Ngassa na ng'ombe za mahari zikarudishwa kwao, hataki hata kusikia jina langu. Nilikuwa kazini kijiji cha Lingeka, chini ya mnara mpya wa simu, mikono imejaa grisi. Namba ya Salu, mdogo wangu. Sauti ya Baba. Walikuwa kwenye lori la pamba, wametoka Maswa wanakuja hospitali hapa Bariadi — kifua chake tena.

Akaanza kama anavyoanza siku zote. Mwadila, ng'wana wane — hujambo, mwanangu. Nikaitikia. Mhola? Mhola, Baba, salama. Akauliza nyumba, akauliza kazi, akauliza mvua, Julai hii! Kwa Baba jambo halisemwi mpaka salamu ziishe, hata kama paa linaungua. Kisha akakohoa, akasema, "Minza, sikiliza..."

Kimya. Imekatika.

Nikapiga, hapatikani. Nimefika Bariadi jioni, wamesharudi kijijini Ipililo na lori lile lile. Hakutaka kunisubiri.

Jumanne, 5 Julai

Salu kapiga kutoka Maswa mjini, amekuja kununua dawa. Kijijini kwetu mtandao haufiki. Sasa najua kwa nini Baba hakusubiri. Anasema nimemkatia simu! Ati nilivumilia salamu, nilipoona anataka kuingia kwenye jambo lenyewe nikabonyeza. Mimi!

Nikamwambia Salu ni mtandao, kazi yangu hiyo, naijua. Anasema amemweleza hivyo hivyo. Baba akamjibu kwamba wakati wa kurudi yeye Salu alipiga porojo na rafiki yake kutoka hospitali hadi Maswa, na haikukatika hata mara moja. Sasa huo mnara unachagua? Unamkata mzee, unaacha porojo?

Nimelia kweli. Halafu nikanyamaza. Kwenda haikati, kuja inakata. Ngoja kwanza.

Jumatano, 6 Julai

Nimemburuta Marcelo, dereva wetu, hadi Maswa. Kwenda, simu ya majaribio safi kabisa. Kurudi nikasema tusizime, tupime. Akaguna: tangu lini sisi tunapima tukirudi? Kweli. Siku zote tunaanzia Bariadi, tunapima tukienda. Kurudi betri zimeisha, watu wana njaa, tunazima kila kitu tunatafuna karanga.

Tulipoteremka kwenye korongo lililo katikati ya njia — kimya. Tukarudi nyuma, tukateremka tena. Kimya pale pale.

Simu ikiwa safarini, mnara mmoja unaikabidhi kwa mwenzake. Lakini haukabidhi kwa mnara usioujua, lazima uambiwe huyu ni jirani yako. Mnara wa Bariadi tuliuambia Maswa ni jirani. Mnara wa Maswa hakuna aliyeuambia kitu. Unaishika simu mpaka inafia mikononi mwake. Na wagonjwa wote wa upande ule wanakuja huku!

Pale Maswa nilitaka tupitilize hadi Ipililo. Salu, niliyemkuta bado mjini akisubiri dawa, akasema, "Dada, usije kwanza. Akikuona mlangoni atajua umekuja kubishana. Mpe siku mbili tatu." Nimempa. Sijui kama nimefanya vizuri.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi Mwanza imefungwa. Joakim, bosi wetu, hapokei. Ni yeye peke yake mwenye uwezo wa kuujulisha mnara jirani yake, akiwa kule kule.

Nimefua. Nimefua hata nguo safi.

Ijumaa, 8 Julai

Joakim kapokea. Ati mabadiliko yote mpaka wiki ijayo, na isitoshe hakuna mteja aliyelalamika. Nikamwambia yupo. Nani? Baba yangu. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Nikamweleza yote, mpaka ng'ombe. Sikutarajia kumweleza bosi habari za ng'ombe. Akasema sawa, kesho asubuhi ataingiza huyo jirani.

Jumapili naenda Ipililo, atake asitake. Nina hasira naye na ninampenda, vyote kwa pamoja.

Jumamosi, 9 Julai

Niko kwenye benchi la hospitali, naandika. Salu kapiga: wameshapita Maswa, lori lile lile la pamba. Baba amezidiwa. Hajasema neno tangu asubuhi, ila macho yamefumbuka. Amemwekea simu sikioni. Nimemwambia asiiondoe.

Simu iko begani kwangu.

Nimeanza mimi. Mwadila, Baba. Nasikia injini tu. Nimeuliza nyumba. Nimeuliza majirani. Polepole, kama anavyofanya yeye, sijaruka kitu. Nimemwambia sikukukatia, Baba, ni sisi tuliokuwa hatupimi tukirudi. Sijui kama neno hilo lina maana kwake.

Salu anapaza sauti: wanateremka korongoni.

Nimefumba macho. Mlio kidogo — kisha injini ile ile. Haikukatika! Wako ng'ambo, wanapanda! Joakim ameingiza!

Hakuna wa kumwambia. Nimemwambia Baba. Tumevuka, Baba. Sasa sema. Ulisema nisikilize, nasikiliza.

Injini. Salu anamwambia, "Baba, mwitikie Dada." Anarudia. Sauti ya Salu imebadilika.

Bado sijauliza ng'ombe. Nauliza ng'ombe. Nauliza mvua. Laini ni safi, nasikia hata gia zikibadilishwa. Narudi mwanzo, taratibu, asije akadhani nina haraka. Mwadila, Baba. Mhola?