Mwavuli wa Klorini

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na yale magoti yako yameanza tena kukubali ngazi. Sisi huku hatujambo. Mikono yangu inakauka kwa sabuni za hiki chumba cha kufulia cha hoteli, lakini nikisikia mwanao anavyotajwa, hata ukavu siusikii.

Ndiyo, mwanao, huyu binti yangu uliyesema ana kichwa kigumu. Sasa hoteli nzima inamwita Daktari wa Maji! Wapishi wanamwita hivyo, mlinzi wa getini anamwita hivyo, na mimi nikipita na mashuka yangu naitwa Mama Daktari. Siringi, dada, nakueleza tu.

Unakumbuka alichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, atunze bwawa la kuogelea. Maji yake ni ya chumvi. Chumvi inapita kwenye mashine, inatoka klorini ya kuua vijidudu. Lakini klorini hiyo jua linaitafuna kama mchwa, kwa hiyo wanaikinga kwa unga mweupe uitwao stebilaiza. Mimi nauita mwavuli. Kila asubuhi mwanao anachota maji, anapima, anaandika kwenye daftari kwa mwandiko mdogo mzuri, si kama huu wangu wa kuku aliyefukuzwa.

Sasa sikia. Wiki ya mashindano ya kuogelea ya watoto wa shule, maji yalichafuka. Jumatatu ukungu, Jumanne utelezi wa kijani ukutani. Meneja alikuja akifoka, akasema watoto wanakuja Jumamosi, na maji yasipong'aa binti huyu akafungashe virago. Akaamuru imwagwe klorini nyingi. Fundi wa jenereta, mcheshi asiyechekesha, akauliza kama sasa tunafuga vyura.

Mwanao alichuchumaa ukingoni. Alichukua kichupa kirefu chenye doa jeusi kwenye kitako, akachanganya maji ya bwawa na dawa yake yakageuka kama maziwa, akawa anayamimina polepole huku anachungulia. Doa likipotea mapema, stebilaiza ni nyingi. Lilipotea mapema mno. Akamweleza meneja kwa heshima zote kwamba klorini ipo, ila mwavuli umekuwa mkubwa kupita kiasi na klorini imelala chini yake. Kuongeza nyingine ni kumpigia kelele mtu aliyezimia. Inabidi kutoa nusu ya maji, kujaza mapya, kurudisha chumvi iliyopotea, ndipo mashine iwashwe. Meneja akauliza nani alizidisha huo unga. Mwanao akasema ni yeye, alikosea kupima.

Dada, ungemwona! Siku tatu anabeba magunia ya chumvi begani kama mito ya kulalia. Ijumaa pini yangu ya nywele ilidondoka kwenye kina kirefu, nikaiona chini kule kana kwamba iko kiganjani. Jumamosi watoto waliogelea, na meneja mwenyewe akajitupa na kaptula yake. Jumatatu mwanao akapewa barua ya ajira.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwanao hakukosea kupima. Ni mimi.

Nilimsikia akilalamika jinsi jua linavyokula klorini yake, roho ikaniuma. Naye kuomba msaada hajui, hilo amelirithi kwako. Basi nikiingia zamu yangu, kabla hajafika, nachota unga ule stoo, naukoroga kwa maji ya moto kama ninavyokoroga wanga wa mashuka, namwaga bwawani. Makopo mawili kila siku, siku nane. Na meneja alipofoka nilikuwa palepale nyuma ya kamba ya taulo, nikaendelea kuanika. Mimi niliyekutambia miaka yote kwamba nimelea msema kweli!

Siku ile ya barua ya ajira nilirudi kufulia nikakuta kopo langu la wanga, la njano, lenye mpini ulioungua na pasi, limeoshwa na kuwekwa juu ya mashuka. Nilikuwa nimelisahau ndani ya ndoo ya stebilaiza. Kumbe alijua. Alijua aliposema ni yeye.

Nikamfuata bwawani nikilia, nikamwambia yote. Alicheka, akanipa kichupa, akaniambia mama chungulia, doa likipotea sema basi. Nikasema basi. Akasema hilo ndilo neno alilokuwa anataka nijifunze.

Jana nilikwenda kwa meneja kwa miguu yangu, nikakiri. Akanikataza kukanyaga stoo, na ni haki yake. Kisha nikaomba daftari. Pale mwanao alipoandika "kosa la kupima, langu," nikakata hilo la mwisho, nikaandika "la mama yake." Mwandiko wa kuku, lakini unasomeka.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Habari za Daktari wa Maji mtangazie kila mtu. Za kopo ziishie kwako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Daktari