Suruali Zilizobanwa Mara Tatu

Tarehe 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wajukuu wako wazima, ila mdogo anaota meno na hatulali. Wewe je? Nauliza kwa karatasi maana simu hupokei; wateja wako wanasema inalia chini ya vitambaa mpaka inachoka.

Baba, sitazunguka mbuyu. Mama amenipigia akiwa kwa mama mkubwa. Amehama, tena amehama na sufuria zake zote. Anasema una mwanamke. Ushahidi wake ni kwamba tangu mwaka jana huli nyumbani, ukitengewa unasema umeshiba. Halafu unabana suruali. "Mzee wa miaka sitini na nne anabana suruali kwa ajili ya nani?" Maneno yake hayo, mimi simo.

Niambie si kweli, nami nitakuamini.

Mwanao,
Kifungua mimba


Tarehe 15 Machi

Kwa kifungua mimba wangu,

Marahaba. Barua imefika, na huyo mdogo mpe pole ya meno. Mimi sijambo. Cherehani kubwa ilikatika mkanda, nimeshaufunga mwingine.

Hayo ya mama yako ni mambo ya wakubwa. Mwache apumzike kwa dada yake. Akikuuliza, mwambie baba hakukataa wala hakukubali.

Afya usiwe na wasiwasi nayo. Daktari wa zahanati amenipa vidonge vya kiungulia, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mzee, wewe unadunda." Basi ndiyo hivyo, nadunda.

Baba yako


Tarehe 21 Machi

Baba,

Shikamoo. Meno mawili yametoka, tunashukuru.

Hukukataa wala hukukubali! Loo, baba, kumbe ungegombea ubunge.

Lakini hapo kwenye kiungulia nimesimama. Unajua kazi yangu: naosha ile mipira mirefu yenye kamera ambayo madaktari huipitisha mdomoni kuangalia tumbo. Mwaka wa sita huu, na habari za wagonjwa nimezisikia kuliko redio. Kwa hiyo nijibu. Chakula kinakwama kifuani? Hata maji? Ukilala kinarudi? Na chukua futi yako, ujipime kiuno, uniandikie namba. Mengine unaweza kunificha, lakini sijawahi kukuona ukidanganya kipimo.

Mwanao,
Kifungua mimba


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimekuweka roho juu wiki sita. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu. Wajukuu hawajambo?

Kiuno ni inchi ishirini na tisa. Mwaka jana kilikuwa thelathini na sita.

Kinakwama, ndiyo. Tangu mwanzo tonge na maji vilikwama kwa pamoja. Nakula dukani, nimesimama nyuma ya pazia la kujaribia nguo, najinyoosha na kurukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu mpaka kishuke. Siku nyingine hakishuki, kinarudi chote. Nalala nimeketi. Mezani pa mama yako ningekulaje?

Suruali nilizibana mwenyewe, kila moja mara tatu, na makoti vilevile, nisionekane nimekonda. Kazi safi, mwanangu, hata mshono huuoni. Ndiyo maana daktari aliona nguo zimenikaa sawasawa akasema nadunda. Mama yako naye akaona suruali, akaona mwanamke.

Sikumkatalia. Unakumbuka babu yako, baba yake, alivyokufa kwa saratani ya koo. Mama yako alimlisha kwa kijiko mwaka mzima, na baada ya mazishi yeye mwenyewe chakula kilimshinda kwa miezi. Hii yangu naijua ni hiyohiyo. Nikasema, heri aniache kwa hasira kuliko abaki kunilisha. Mtu mwenye hasira anakula.

Usimwambie.

Baba yako


Tarehe 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, lakini leo nimelia kazini mpaka msimamizi akanituma nyumbani. Nimekuonea huruma, na nimekukasirikia sana. Yote mawili yapokee.

Sasa sikiliza. Huenda si saratani. Siahidi, kamera ndiyo itakayosema. Lakini saratani ya koo mara nyingi huanza kwa kukataa vyakula vigumu, maji yakafuata baadaye. Tonge na maji vikikwama kwa pamoja tangu mwanzo, kuna ugonjwa mwingine: mlango wa chini wa njia ya chakula unakaza, haufunguki ukimeza.

Hapa kwetu wanaufanyia utafiti. Wanalinganisha matibabu mawili, yote kwa kupitia mdomoni, bila kupasua kifua: kuutanua mlango kwa puto, au kuukata msuli unaobana. Nani apate lipi huamuliwa na bahasha iliyofungwa. Hata daktari hachagui, na mimi siwezi kukupendelea. Usipotaka utafiti, utatibiwa vilevile.

Njoo. Siku mbili kabla ya kipimo ni vinywaji tu, na uji mzito si kinywaji, nakujua.

Mama sitamwambia. Utamwambia wewe.

Kifungua mimba


Tarehe 1 Julai

Baba,

Shikamoo. Umefika salama? Wajukuu wanakuulizia, mkubwa anasema kiti chako kisikaliwe.

Nakuandikia haya kwa sababu ulipoelezwa ulikuwa bado na usingizi wa dawa. Saratani hakuna; majibu ulitaka yasomwe mara mbili, nayo yalisomwa mara mbili. Bahasha ilikupa kukatwa msuli. Vile vibanio vidogo vilivyofungia utando wa ndani ya koo, pale walipopitishia kisu, vitadondoka vyenyewe. Daktari bado anawasimulia wenzake ulivyomwambia: "Kumbe mnafumua bitana kidogo, mnaingia katikati, mnakata kinachobana, mnafunga. Sasa hapo mlisomea nini miaka kumi?"

Kasoro ya njia hii ni kwamba kiungulia kinaweza kuja, safari hii cha kweli. Vidonge usiache. Na urudi baada ya miezi mitatu, wanataka kujua kama mlango utabaki wazi. Kwa hilo hakuna wa kukuapia.

Umemwambia mama?

Kifungua mimba


Tarehe 19 Julai

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Nimefika salama, na kiti changu nakitaka. Koo halijambo. Nakula nimekaa, kama binadamu wengine.

Mama yako nilimwambia siku ya pili baada ya kurudi. Nilidhani atafurahi, hakuna mwanamke, hakuna saratani. Wapi! Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama yako mkubwa akanisindikiza hadi nje bila hata kuniaga.

Kesho yake nikarudi mchana. Akanitengea wali, akakaa mbele yangu, mikono kifuani, akanitazama ninavyomeza. Siku iliyofuata vilevile. Kila mchana nafunga duka naenda kutazamwa. Wateja wananung'unika, suti ya bwana harusi mmoja nimeimaliza asubuhi ya harusi yake.

Siku ya tisa ndipo aliposema. "Baba nilimlisha kwa sababu nilitaka mwenyewe. Wewe ulinionea huruma, au ulininyang'anya mume wangu?"

Mwanangu, majibu nilikuwa nayo mengi, nilikuwa nikiyapanga njia nzima. Yote nikayaacha. Nikamwambia, "Nilikunyang'anya. Na niliogopa." Akalia. Na mimi nikalia, mzee mzima na tonge mkononi, mama yako mkubwa anachungulia dirishani. Tulipotulia nikalila lile tonge, likashuka, nikala mpaka nikamaliza.

Hakusema amenisamehe, wala hakusema atarudi lini. Aliiangalia sahani yangu tupu, akaichukua, akaniongezea.

Baba yako