Mahari pa Kupumzika

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo kiwandani kazi ilisimama saa nzima. Mara ya mwisho ilikuwa umeme ulipokatika mtaa wote wa Masoro. Mafundi wa cherehani wakakalishwa juu ya maboksi, mimi mpika chai nyuma yao, tufundishwe afya ya akili. Mwalimu ni Lillian, Mkenya, mwembamba mno, haonekani kula vizuri. Anasema moyo unachoka kama mgongo unavyochoka. Ile stoo ya vifungo sasa ni chumba chake — mtu aingie, afunge mlango, aongee. Akauliza nani ana swali. Nani ataingia mle wenzake wanamwona? Jioni utaitwa umusazi, kichaa, mpaka kituo cha basi cha Kabuga.

Mimi nilikuwa namtazama Béatha. Tangu azike mtoto wake mwezi wa saba, haongei. Anashona mikono ya mashati ndani nje. Protas, msimamizi wetu, Mtanzania, alinifuata jikoni: Mukecuru (ndivyo wote wanavyoniita, bibi kizee kwa lugha yetu), nimemtetea nimechoka, asipokwenda kwa yule dada mwezi huu, ofisi itamtoa. Nikamwambia mwezi una siku nyingi, kunywa chai yako.

Jumatano, 8 Oktoba

Chumba kitupu siku ya tatu. Lillian anakaa peke yake kama muuza duka asiye na bidhaa. Nikampelekea uji. Akasema, Nyanya, labda hawajui ni wapi. (Kwao Kenya nyanya ni bibi. Siku ya kwanza nilimjibu mimi si tomati.) Anataka maandishi mlangoni, kwa Kiswahili, maana nusu yetu tumekulia Burundi na wasimamizi ni Watanzania. Nikasema nitaandika mimi. Mimi! Darasa sikulikanyaga hata siku moja, herufi nilizipata parokiani nikiwa na mvi zangu. Nimeandika kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kama sufuria. Nimerudi mara tatu kuzitazama.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu. Nilitaka kuandika mahali. Nimeandika MAHARI PA KUPUMZIKA.

Protas alisimama pale akacheka mpaka akashika ukuta. "Mukecuru, humu anaolewa nani?" Akawaeleza wote: mahari ni wale ng'ombe wa bibi harusi. Ulimi wangu hauoni tofauti ya l na r, kumbe hata mkono hauoni. Nikaleta kisu nikwangue. Lillian akanishika: Nyanya, acha, tangu nije hii ndiyo mara ya kwanza watu wanasimama mbele ya mlango huu.

Ana akili, huyo mwembamba.

Jumanne, 14 Oktoba

Wanaingia. Neno langu limekuwa la kiwanda kizima. Mtu anaacha cherehani, anasema, "Naenda kudai mahari yangu," wenzake wanamwuliza ng'ombe wangapi, wanacheka, na yeye ameshaingia. Umusazi halitajwi. Audace wa pasi, na shingo yake nene, aliingia kwa utani akatoka macho mekundu. Akaomba chai, sukari nyingi. Nikampa vikombe viwili, sikumwuliza kitu. Protas ameuliza eti wanaume humo wanalipa au wanalipwa. Ingia ujue, nikamwambia.

Béatha bado. Ila leo mtu aliposema ng'ombe, mdomo wake ulisogea kidogo. Nimeuona.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kubembeleza nimeacha. Nilimkuta Béatha bombani, anaosha kikombe kisafi. Nikamwambia: mwanangu, mimi nilizika wawili kule Bujumbura, sikumwambia mtu, nikawa mkali mpaka kuku wangu wakahamia kwa jirani. Usinifuate huko. Akanitazama weee. Halafu — sauti yake nilikuwa nimeisahau — "Mukecuru, mahari yangu ililiwa zamani. Mle watanipa nini?"

Nikasema ingia udai nyongeza.

Akacheka. Kifupi, kama chafya. Na kikombe bado mkononi, akaingia nacho.

Nimeweka kiti changu nje ya mlango, daftari kwenye goti, naandika ili nisisikilize. Sisikilizi. Nasikia tu. Kwanza kulia. Sasa jina. Anamtaja mtoto kwa jina lake, Akimana, Akimana. Miezi mitatu hakuna aliyelitaja jina hilo, hata mimi, mwoga mimi.

Kengele imelia. Wote wamerudi kazini, cherehani moja tu iko kimya, na Protas anakuja huku anatazama saa yake. Chai ya ofisi inafurika jikoni, harufu inanifikia. Iungue. Protas anauliza Béatha yuko wapi. Nimemwonyesha mlango kwa kalamu, asome mwenyewe. Anasoma. Ndani Béatha na Lillian wanacheka sasa wote wawili, au bado wanalia, sijui, na mimi nimesogeza kiti mpaka mgongo umegusa mlango, asipite mtu —