Nilisema kube inafukuza dhahabu, sasa Cadette hanisemeshi

Mama Anastasie mpendwa, mushauri wetu wa redio ya Kasongo,

Mimi sikuzoea kuomba musaada, watu ndio wananiomba mimi, kutoka hapa Kabambare mpaka ng'ambo ya Lualaba hakuna mutu asiyejua Emile, na kila mukubwa wa serikali akihamishiwa huku, mbele ya kufungua valizi yake anauliza kwanza, "Emile iko wapi?", na ile mwaka barabara ilikatika kwenye matope mimi ndiye niliinua pikipiki na mwenyewe akiwa bado amekaa juu yake, nikaivusha, na hakulowa hata viatu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue, mutu wa namna hii akiomba, maneno imekuwa mabaya kweli.

Maneno ni ya kube. Ile kube ndogo ya mchuzi, ya karatasi inayong'aa, yenye wamama wanavunja kwa vidole na kumwaga mu sombe ya majani ya muhogo. Kichwa kilikuwa kinaniuma, bibi yangu wa ndoa, Pélagie, akanisukuma niende kituo cha afya, enfirmie akanifunga kitambaa cha mashine mu mukono, akapompa, akaangalia, akapompa tena, akasema tansio iko juu, damu inasukuma kupita kiasi, na yeye mwenyewe alishangaa namna gani mutu wa tansio ya vile anatembea bado kwa miguu, mimi nafikiri Maniema nzima haijaona tansio ya nguvu kama yangu. Akaniambia, "Papa Emile, punguza chumvi. Na makube pia, kwa sababu iko na chumvi mingi." Akanipa vidonge. Ni hayo tu alisema.

Sasa niambie, Mama, mutu kama mimi ataanzia wapi kutangaza kama chumvi ya jikoni imemushinda? Nilipotoka pale nikapita kwenye parking ya pikipiki, na Iliasi, yule mwenye kubeba watu mpaka kwenye machimbo ya dhahabu, akapiga kelele mbele ya wote, "Eh, Papa Emile! Hospitali tena? Unaumwa?" Nikamujibu, "Mimi, kuumwa? Nilienda kuwafundisha juu ya kube." Wote wakageuka. Na mimi watu wakigeuka kuniangalia, mulomo unatembea wenyewe, siuwezi. Nikawaambia ndani ya kube kuko unga inaitwa glutamati, jina nililisoma mimi mwenyewe kwenye karatasi, na ile unga inakunywa mafuta ya magoti, inalegeza mugongo wa mwanaume, na kule Nyangwe mbwa moja ililamba kube, tangu siku ile inatembea kinyumanyuma. Wakacheka mpaka machozi. Ningeishia pale ingekuwa vizuri.

Lakini Iliasi hakutaka kuniacha. "Papa, wachimbaji wanakula kube kila siku, na wanashuka mu shimo, na wanapanda. Mbona hawaanguki?"

"Wanapanda, ndiyo," nikasema. "Lakini wanapanda na nini mu mukono? Dhahabu inasikia harufu ya ile unga mu jasho ya mutu, inakimbia chini zaidi."

Hakuna mutu aliyecheka tena. Wewe unajua wachimbaji wa huku, wametoka kila pembe, wengine ni waislamu, wengine ni wa kanisa, lakini kwa dhahabu wote ni wa dini moja, kuko timu haikubali mutu ashuke akiwa ameoga na sabuni, kuko ingine ukipiga muruzi karibu na shimo wanakufukuza. Iliasi akabeba lile neno na abiria wake, na lilipofika kwenye machimbo lilikuwa limenona kushinda mimi nilivyolitoa, wakasema ni profesa wa Ulaya ndiye alipima.

Na kwenye machimbo, nani anapika? Cadette. Mutoto wa dada yangu mukubwa, mimi ndiye nilimupa jina, mimi nilimufundisha kupanda baiskeli akiwa bado anapitisha muguu chini ya ile chuma ya katikati, akiwa mudogo alikuwa hakubali kula mpaka akae kwenye sahani yangu. Ameweka masufuria yake pale chini ya turubai, bugali, sombe, maharagi, na wachimbaji walikuwa wanapigania nafasi, hakuna mutu anapika sombe kama yule mutoto, hata mama yake, hata Pélagie na asinisikie. Sasa wanafika, wanachungulia mu sufuria, wanauliza, "Umetia kube?" Yeye hajui kudanganya, damu ya upande wetu haikumufikia pale, anajibu, "Ndiyo, kidogo." Wanaondoka. Sufuria zinarudi zimejaa.

Alikuja kwangu mwenyewe, sufuria kwenye kichwa, akaitua mbele yangu na mbele ya majirani wote waliokuwa barazani.

"Mjomba, kula."

"Nimeshiba, mutoto wangu."

"Haukushiba. Kula. Kama kuko sumu mu hii sombe nitaimwaga hapa hapa, na kesho nafunga jiko. Kama hakuna, uende uwaambie wale watu ulikosea."

Majirani wananiangalia. Ile harufu ya mawese inapanda mu pua. Na mimi, Mama, nikasema, "Cadette, sayansi haina ndugu."

Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Alifunika sufuria, akamwambia Pélagie, "Shangazi, ubaki salama," na mimi akanipita kama vile mutu anapita jiwe. Sasa nimesikia anataka kuuza masufuria na kurudi Kasongo kwa mama yake, na dada yangu akiniuliza juu ya nini mutoto amerudi mikono mitupu, nitasema nini?

Kwa hiyo naomba jibu wazi: kube ni sumu ao si sumu? Kama ni sumu, nitamwambia Cadette nilimuokoa. Kama si sumu, nipe njia ya kurudi kwake.

Na kuko kitu kimoja kidogo, ukisoma hii barua kwa redio, hapa punguza sauti. Tangu nilikataza kube mu nyumba yangu, na Pélagie akanitii, chakula hakishuki. Basi ninanunua kube moja kwa duka la mbali, ninaificha mu soksi, na nikiingia chooni ninailamba kama bonbon ya watoto.

Emile, Kabambare

*

Papa Emile,

Sikupunguza sauti. Nimesoma yote, soksi na choo pia, na fundi wa mitambo hapa studio amelazimika kutoka nje kwanza.

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari, maana mimi nikitaka kujua kitu huwa nauliza, sisubiri parking igeuke kuniangalia. Glutamati si sumu. Wataalamu wameichunguza miaka mingi, na kwa kiasi kinachotiwa kwenye chungu hawakuona kwamba inadhuru watu. Iko ndani ya nyanya, iko ndani ya uyoga, ilikuwa hata ndani ya maziwa uliyonyonya. Wako wachache wanaosema wakiila nyingi kichwa kinawagonga kidogo, hao waiache. Haikaushi magoti, haigusi mgongo wa mwanaume, na dhahabu haina pua.

Lakini sikia vizuri, usije ukakimbia na nusu ya jibu langu. Kube haina glutamati peke yake. Sehemu kubwa ya kube ni chumvi, na chumvi ndiyo enfirmie alikuambia upunguze. Mzima akila sombe ya Cadette yenye kube kidogo, hana neno. Mwenye tansio, anayevunja kube na kuongeza chumvi juu yake, huyo anajiumiza. Na wewe umefanya nini? Umemnyima Pélagie kube, umewanyima wachimbaji chakula chao, na katika Kabambare yote mgonjwa ndiye amebaki akiila kavu, bila hata bugali!

Baba yangu, tansio kubwa haileti sifa. Ndiyo ile inayomwangusha mtu ghafla, mkono mmoja umekufa, mdomo umepinda. Na huo mdomo naona unaupenda. Najua uliogopa. Kuogopa si aibu. Ulitaka kube ibebe lawama ili watu wasijue kwamba Emile anaumwa, na aliyebebeshwa mzigo ni mtoto uliyemlisha kwenye sahani yako.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, mwambie Pélagie una tansio. Mwambie kwa maneno mafupi, hata kama amekwisha kunisikia redioni, asikie kwa mdomo wako. Vidonge meza kila siku kama ulivyoagizwa, hata siku kichwa hakiumi, na rudi kupimwa. Sufuria yako ipikwe na kitunguu, nyanya, pilipili, na samaki wa moshi wa kutoka Nyangwe, chumvi kidogo sana; siku Pélagie akivunja kipande cha kube, chumvi isiingie tena. Ile ya kwenye soksi itupe, na soksi ifuliwe.

Kuhusu Cadette, usimtume Iliasi, maana tumeona anavyobeba maneno. Panda pikipiki mwenyewe, ufike kwenye machimbo saa wachimbaji wanapotoka mashimoni na njaa yao. Simama karibu na lile turubai, useme kwa sauti ileile ya parking: "Nilidanganya. Mimi ndiye niko na tansio. Chakula cha huyu mtoto hakina kosa, na dhahabu haijui mmekula nini." Usimtaje profesa. Usimtaje mbwa. Watacheka, waache wacheke, mtu akishacheka anakaa, na akikaa anakula.

Halafu nyamaza, ukae chini hapo hapo. Cadette akikuwekea sahani, kula. Asipokuwekea, kunja mikono ya shati uoshe sahani za wengine mpaka akuwekee.

Mama Anastasie