Injini ya Mashine ya Kusaga

Baba Kija,

Uji uko kwenye chupa. Mbuzi wafungulie.

Asubuhi akina mama wamekuja na mahindi yao. Nimefungua banda la mashine ya kusaga mbele yao: injini hamna! Kumbe jana nilipokuwa kanisani uliichomoa, ukaifunga kwenye Landrova yako. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba walete mashindano yao ya magari kwenye matope ya Kasoli, hutulii, na sisi hatutulii. Akina mama wamecheka mpaka wamekaa chini. Mimi sikucheka.

Ninawapeleka wateja wetu kwenye mashine ya Hamimu, mimi mwenyewe, kapu kichwani. ~~Sirudi.~~ Nitarudi jioni. Maharage yatie chumvi.

Usukani usiutafute. Umo kapuni, chini ya mahindi. Haya, kashindane.

Mkeo,
Mama Kija