Ndoano za Rangi Tatu

Tulya, Iramba
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu yako imepungua kuvimba. Niamkie majirani wote wa Kinampanda, hasa mama Kristina aliyekusaidia kupukuchua alizeti. Huku kwetu tunapumua, ila yametupata mambo ambayo sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.

Unazijua ndoano tunazotengeneza na mume wangu Gaspari. Yeye huyeyusha madini ya risasi ya betri chakavu na kuyamimina kwenye kalibu, yanakuwa kichwa kizito cha ndoano. Mimi napaka rangi ya unga. Nakipasha kichwa moto, nakichovya kwenye unga mweupe, nao unayeyuka na kushika. Mwaka huu nilijifunza kuongeza rangi juu ya rangi. Nanyunyiza kijani mgongoni kupitia kipande cha wavu wa dirisha, yanatokea magamba kabisa. Tumboni nagusisha rangi ya chungwa kwa brashi, kisha nazirudisha kwenye moto zikomae.

Kambare walizipenda mno. Vijana wengi wakaacha kibarua cha kuvuta kokoro, zile nyavu zinazozoa hata samaki wachanga, wakavua wenyewe kwa mshipi. Wenye kokoro wakatuchukia. Kikundi cha ulinzi wa ziwa kilipochoma nyavu zao, wakasema Gaspari ndiye aliyewachongea. Haikuwa kweli, lakini nani angewasikiliza wapishi wa risasi.

Walikuja Jumamosi mchana, siku tisa zilizopita, tukiwa uani tunafanya kazi. Walikuwa watatu, nyuso wamezifunga vitambaa. Hawakusalimu. Mmoja alipiga teke meza yangu, makopo ya rangi yakapasuka, uani pote pakawa kijani na chungwa. Gaspari aliwaambia wachukue wanachotaka waondoke. Wakamwangusha, wakamkandamiza mkono wa kulia juu ya gogo tunalokatia waya, na mwenye panga akasema huo ndio mkono unaotuharibia ziwa. Alipiga mara ya kwanza, haukukatika. Mama, niliusikia mfupa.

Aliyekuwa amemkalia mume wangu kifuani alikuwa amenipa mgongo. Nilichukua sufuria iliyokuwa motoni pale uani, nikammwagia risasi iliyoyeyuka begani na shingoni. Ngozi ilitoa moshi. Akaanguka akijibiringisha kwenye ule unga wa rangi, na wenzake walipomwona hivyo wakambeba wakakimbia. Lakini panga lilikuwa limeshashuka mara ya pili.

Madaktari walijitahidi, ila mkono haukuunganika. Gaspari amerudi nyumbani. Jana nilimkuta ameshika brashi kwa mkono wa kushoto, anajaribu kuchora tumbo la ndoano. Rangi ilimwagika yote mapajani. Alicheka, kisha akageukia ukutani. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Polisi waliniuliza kama niliwatambua, nikasema hapana. Hata Gaspari, aliyekuwa ameshazimia, nilimwambia hivyo hivyo. Nilidanganya. Yule niliyemuunguza, kitambaa kilimtoka akigaagaa, akaniita: "Dada Eliza, unaniua."

Ni Amosi, Mama. Ni mwanao.

Najua yuko kwako, na najua amekwambia ameungulia kwenye bomba la pikipiki; mama Kristina amenieleza. Sikupiga simu kwa sababu siku hizi simu yako anaipokea yeye. Nampa jirani yangu Damari barua hii, aje leo akusomee mkiwa wawili tu. Kesho asubuhi nitakwenda Kiomboi kumtaja kwa polisi, kisha nitawaleta hapo nyumbani mimi mwenyewe.

Utaniuliza nimepata wapi moyo wa kumpeleka mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Sijaupata, Mama. Nakwenda bila huo moyo. Yeye pekee ndiye anayemjua mwenye panga, na huyo ameshatuma salamu kwamba bado nina mikono yangu miwili.

Ukimtorosha sitakulaumu mbele za watu, lakini hutaniona tena. Leo mpikie ugali na mlenda, ale ashibe. Mbadilishie kitambaa cha shingoni. Ile risasi iliigandisha nguo kwenye ngozi, kama bado imeshika uivute taratibu. Usimwambie nimeandika.

Gaspari anakuamkia. Hajui bado, nitamwambia jioni hii. Mungu akushike mkono mpaka kesho nifike.

Ni mimi mwanao,
Eliza