Jembe Lililonidondoka na Kibuyu Nilichokirudisha

Mpendwa Mshauri Mama Zipora,

Shikamoo. Naomba msaada wako, ila usinicheke mapema, subiri nifike mwisho. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, wa hapa Songwa, shule niliiacha darasa la tano kwa kuwa mwalimu alikuwa hanipendi na mimi nilikuwa simpendi zaidi, lakini kwenye ngoma ya majembe ulizia popote mpaka Isaka, watakwambia yule anayerusha jembe likazunguka mara tatu hewani akalidaka kwa kushoto huku anaangalia wasichana, ndiye mimi. Na hapo nilikuwa na rovu, uvimbe wa tezi shingoni, wenzangu wakisema nimemeza jembe la akiba.

Mwezi wa tatu nikapasuliwa Mwanza, rovu likatoka, sasa shingo yangu twiga anaionea wivu, ila daktari akanipa vidonge vyeupe akasema damu yangu imepungukiwa chokaa, nimeze kila siku nisikose, nikamwambia mimi si ukuta, hakucheka. Nikameza, nikawa mzima. Kisha Athanas, manju wetu, yaani mkuu wa ngoma, akatupa dawa ya kushindania Sabasaba, na dawa ile ina miiko yake, usinywe maziwa, usile dagaa, usitie kidonge cha hospitali mdomoni mpaka mashindano yapite. Nikashika miiko yote, mimi sifanyi kitu nusu.

Wiki ya pili midomo ikawa kama inatambaliwa na siafu, vidole vikafa ganzi, na Jumamosi mazoezini, nimeruka saa nzima nahema, nikarusha jembe, mkono ukakakamaa, vidole vikabanana vyenyewe kama vya mtu anayechovya ugali, jembe likaanguka mbele ya Nyamizi, msichana wa hapa kijijini. Akaliokota akanipa, akasema, "Shika, Sabiti. Leo ulikuwa unamwangalia nani?" Wenzangu wanasema kundi la upande wa pili wametutupia kitu, na Athanas ameniongezea dawa.

Mama, siku hizi ngoma ikilia nimelala nyumbani, miguu inacheza yenyewe chini ya blanketi. Nyamizi alikuja kunitazama na kibuyu cha mtindi, amekishika kwa mikono miwili, nami nikamwambia kirudishe, mtu wa mashindano hanywi maziwa. Hajaja tena. Leo siku ya kumi na moja, si kwamba nahesabu. Akipita mtu yeyote njiani na kibuyu, nainuka kitandani.

Sasa niambie, niongeze mazoezi mkono ukae sawa, au nipumzike, au kweli tumetupiwa? Sabasaba imebakiza wiki tatu.

Ni mimi bingwa,
Sabiti, Songwa

Mama Zipora anajibu:

Marahaba, Sabiti. Nilikucheka mapema, pale kwenye twiga. Nilipofika kwenye vidole nikaacha.

Hakuna aliyekutupia kitu. Nyuma ya tezi uliyopasuliwa kuna vitezi vidogo kama punje za mtama, kazi yao kulinda chokaa ya damu, yaani kalsiamu. Upasuaji ukivigusa huzimia, pengine wiki chache, pengine miezi, pengine visiamke tena, na vidonge ndivyo vinavyoshika zamu yao. Wewe umemfukuza mshika zamu, ukawafungia mlango maziwa na dagaa, halafu ukaruka na kuhema saa nzima, na kuhema kwa kasi kunazidisha huko kukakamaa. Kwa hiyo mazoezi zaidi hayanyoshi mkono, yanaukunja.

Ukimaliza kusoma hapa, funga gazeti, mtu akupakie kwenye baiskeli akufikishe hospitali. Usiende peke yako. Waambie umepasuliwa rovu na umeacha vidonge, wapime damu. Vidonge watakavyokupa, meza pamoja na chakula kwa saa ulizoambiwa, usilundike vya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Dagaa uwale na miiba yao, lakini usidhani chakula kitatosha bila kidonge. Koo likibana, pumzi ikipiga filimbi au ukianguka na kutetemeka, hiyo ni ya sindano saa ileile, hata kama ngoma inalia mlangoni.

Mazoezi yako kwa sasa ni kutembea, kwa mwendo ambao unaweza kupiga soga, na soga unayo. Jembe usilirushe mpaka daktari akuruhusu. Sabasaba hii huchezi, mwanangu. Najua inauma. Mwambie Athanas kwa adabu kwamba dawa yake na vidonge vyako havikai nyumba moja, na wewe umechagua kuishi.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Jembe halina miguu, mwakani utalikuta pale ulipoliacha. Kibuyu kililetwa na mtu mwenye miguu, akakibeba tena kurudi nacho kikiwa kimejaa. Ukitoka hospitali pita kwao, umwamkie mama yake, ukae chini, useme una kiu.